Kabla Hujalinganisha Vifo vya Nchi Mbili

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, majedwali ya korona ya dunia yalionyesha kwamba Tanzania ina wagonjwa 509 na vifo 21. Namba hizo hazikupanda wala kushuka. Tangazo la mwisho la kitaifa lilitoka mwishoni mwa Aprili 2020, nyongeza chache za Zanzibar zikafuata mwanzoni mwa Mei, kisha kukawa kimya hadi katikati ya 2021, serikali ya Rais Samia ilipoanza tena kutoa takwimu. Muda wote huo jedwali liliendelea kuipanga Tanzania karibu na mkia wa orodha, pamoja na nchi zilizokuwa zikipima watu kila siku. Aliyefungua simu yake Januari 2021 aliona safu nadhifu: jina la nchi, wagonjwa, vifo, kiwango kwa kila watu milioni moja. Safu haikumwambia kwamba mstari wa Tanzania ulikuwa umesimama kwa miezi minane.

Namba zile zilitumika. Waliotaka kuamini kwamba ugonjwa haupo walizionyesha, na waliotaka kuamini kwamba mwili wa Mwafrika una kinga ya pekee nao walizionyesha. Huku nyuma kuna familia zilizouguza na kuzika bila mgonjwa wao kuingia katika hesabu yoyote.

Mlipuko mwingine utakuja, na majedwali yatarudi pamoja nao: kwenye magazeti, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Utayatazama ukiwa na hofu, nawe utataka kujua kama mnaishi mahali salama kuliko walipo ndugu zako wa Muscat, Toronto au Goma. Ndiyo sababu naomba ujifunze kuyasoma sasa, mambo yakiwa yametulia. Ushauri wangu kwa ujumla ni huu: kabla ya kulinganisha nchi mbili, linganisha jinsi zinavyohesabu. Asilimia kubwa ya tofauti zinazotushangaza katika majedwali haya huzaliwa ofisini na maabara, kabla hata virusi havijaulizwa.

Anza kwa kugawanya. Marekani iliripoti vifo vya korona zaidi ya milioni 1.1, jumla kubwa kuliko ya nchi yoyote. Peru iliripoti takriban 220,000. Ukiishia kwenye jumla, utasema Marekani imeumia mara tano zaidi. Lakini Marekani ina watu wapatao milioni 331 na Peru wapatao milioni 33. Gawanya vifo kwa idadi ya watu, kisha zidisha kwa 100,000: Marekani inapata vifo kama 330 kwa kila watu 100,000, na Peru inapita 650. Kumbe Peru ndiyo iliyopoteza watu mara mbili zaidi. Anayekuletea jumla tupu za nchi zenye ukubwa tofauti bado hajakuletea ulinganisho. Hesabu hii inafanyika kwa kikokotoo cha simu ndani ya dakika moja, kwa hiyo usimsubiri mwandishi wa habari akufanyie.

Kwenye nchi ndogo sana, kugawanya nako kunapotosha. San Marino ina wakazi kama 34,000. Katikati ya mwaka 2020 ilikuwa na vifo 42, ikaonekana kuipita dunia nzima kwa kiwango cha vifo. Vifo vitano zaidi vingetosha kuongeza kiwango chake kwa karibu 15 kwa kila watu 100,000. Nchi ya namna hiyo iache pembeni ya orodha, au itazame kwa kipindi kirefu.

Baada ya kugawanya, uliza kifo chenyewe kimehesabiwaje. Wengi wetu tunadhani mgonjwa anaweza kukosewa, lakini maiti ni maiti, haina ubishi. Si hivyo. Hadi mwisho wa Mei 2021 Peru ilikuwa imetangaza vifo 69,342. Tarehe 31 Mei serikali yake, baada ya kupitia upya kumbukumbu kwa msaada wa wataalamu, ilitangaza vifo 180,764. Wale watu zaidi ya 111,000 hawakufa siku hiyo. Walikuwa wameshazikwa, wengine zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kilichobadilika ni kigezo: mwanzoni kilitegemea mno kipimo cha maabara katika nchi iliyokuwa na vipimo vichache, kisha kikapanuliwa kuwapokea waliokufa na dalili zinazoeleweka, waliougua pamoja na mgonjwa aliyethibitishwa, na wale ambao vyeti vyao vya kifo vilitaja ugonjwa huo. Aliyelinganisha Peru na jirani zake tarehe 30 Mei na aliyelinganisha siku iliyofuata walipata majibu mawili tofauti kabisa, na wote wawili walinukuu takwimu rasmi.

Uingereza ilikwenda upande wa pili. Kwa miezi kadhaa, katika England, mtu yeyote aliyewahi kukutwa na virusi kisha akafa alihesabiwa amekufa kwa korona, hata kama alipona na kufa kwa ajali ya gari wiki nyingi baadaye. Tarehe 12 Agosti 2020 wakaweka mpaka wa siku 28 tangu kipimo, na vifo 5,377 vikaondolewa kwenye jumla ya Uingereza kwa siku moja. Mpaka huo nao una kasoro yake, maana aliyelazwa wiki sita kwenye mashine ya kupumua kisha akafa hahesabiwi. Hakuna kigezo kisicho na hasara. Kinachotakiwa ni kujua unachokisoma kimetumia kipi.

Ubelgiji ndiyo inayonisikitisha zaidi katika habari hii. Majira ya kuchipua ya 2020 ilitangazwa kila mahali kuwa nchi yenye kiwango kikubwa cha vifo kuliko karibu zote duniani. Wakuu wake walikuwa wameamua kuhesabu hata wazee waliokufa katika nyumba za kulelea wazee wakishukiwa tu kuwa na ugonjwa, bila kupimwa, kwa sababu walijua vipimo havitoshi na vifo vingi vinatokea huko. Jirani zao Uholanzi walikuwa wakitangaza waliothibitishwa na maabara peke yao. Weka nchi hizi mbili kwenye chati moja na utamwaibisha aliyehesabu kwa bidii. Hapo ndipo ubaya wa ulinganisho wa haraka unapoonekana: unawaadhibu wakweli na kuwafundisha wengine kunyamaza.

Kwa hiyo, ukikutana na idadi ya vifo, tafuta majibu ya maswali machache. Je, ni lazima marehemu awe alipimwa? Kama alipimwa, kuna kikomo cha siku? Waliofia nyumbani wamo? Tarehe iliyoandikwa ni ya kifo au ya siku ofisi ilipopokea karatasi? Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanya chati nyingi zishuke Jumapili na kupanda Jumanne, watu wakafurahi na kuhuzunika kwa sababu ya mapumziko ya makarani. Tumia wastani wa siku saba, na wiki mbili za mwisho za chati ziache, maana hazijajaa bado.

Idadi ya wagonjwa ni dhaifu zaidi ya idadi ya vifo, na mimi nisingeitumia kulinganisha nchi mbili kamwe, isipokuwa zina mpango wa upimaji unaofanana. Idadi ya wagonjwa waliothibitishwa inakueleza kwanza juu ya vipimo. Kuanzia Julai 2020 Uturuki ilikuwa ikitangaza wenye dalili peke yao. Tarehe 25 Novemba ilianza kutangaza kila aliyekutwa na virusi, na idadi ya siku ikaruka kutoka kama 7,000 hadi zaidi ya 28,000. Mei 2020 Uganda iliamua kuwaondoa madereva wa malori wa kigeni kwenye jumla yake. Dereva aliyekutwa na virusi mpakani hakuwa tena mgonjwa wa Uganda. Nchi yake nayo huenda haikuwa na kipimo hicho kwenye vitabu vyake. Mtu mmoja, virusi vile vile, na mpaka wa forodha umempoteza kwenye hesabu.

Mfano ulionifungua macho kuliko yote ni wa Kenya. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wa Kilifi walichukua damu iliyochangwa na watu wazima kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta kingamwili zinazoonyesha kwamba mtu alishaambukizwa. Baada ya kurekebisha hesabu zao, walikadiria asilimia 4.3 ya watu wazima walikuwa wameambukizwa, na Mombasa asilimia 8. Hadi mwanzoni mwa Juni, Kenya ilikuwa imethibitisha wagonjwa 2,093 na vifo 71. Fanya hesabu ya haraka: asilimia 4.3 ya watu wazima wa Kenya ni zaidi ya watu milioni moja. Kwa kila aliyeonekana kwenye taarifa ya Wizara ya Afya, mamia walikuwa wamepita bila kuonekana. Wengi wao hawakuwa na dalili, na hilo si kosa la mtu. Lakini aliyesema wakati huo kwamba Kenya ina wagonjwa elfu mbili alikuwa akieleza uwezo wa maabara.

Kuna kipimo kimoja rahisi cha kukusaidia hapa: kati ya watu 100 waliopimwa, wangapi wamekutwa na virusi? Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi iliyo chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili, ikiwa inapima kwa upana, inaweza kudhani mlipuko wake umedhibitiwa. Nchi inayokuta 30 kati ya 100 inapima tu wale ambao ugonjwa wao umeshajionyesha, na wengine wengi wako nje. Nchi mbili zenye wagonjwa 500 kwa siku, moja ikiwa na asilimia 2 na nyingine 30, haziko katika hali moja hata kidogo.

Udhaifu huo wa wagonjwa huhamia moja kwa moja kwenye kile kiwango ambacho watu hukipenda sana: wangapi wanakufa kati ya kila wagonjwa 100. Hapa nitaiacha korona kidogo, maana ukanda wetu una ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2024 Rwanda ilipata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg: wagonjwa 66, vifo 15, yaani asilimia 23. Mapema 2025 ugonjwa huo huo uliripotiwa Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania: wagonjwa 10, vifo 10, asilimia 100. Ni rahisi mno kuandika kichwa cha habari juu ya hospitali za nchi hizi mbili, na sehemu yake ingekuwa kweli. Rwanda ilitoa dawa na kingamwili za majaribio mapema, ikawalaza wagonjwa katika uangalizi wa karibu, na wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, watu wenye umri wa kazi waliogundulika upesi.

Lakini tazama wale kumi wa Biharamulo. Wawili tu ndio waliothibitishwa maabara. Wanane walikuwa wa kudhaniwa, yaani waliokwishafariki na kuzikwa kabla sampuli haijachukuliwa, wakatambuliwa baadaye kwa dalili na kwa uhusiano wao na wengine. Waliingia kwenye orodha kwa sababu walikufa. Aliyeugua kiasi akapona nyumbani kabla wataalamu hawajafika hakuwa na mlango wa kuingilia. Guinea ya Ikweta, mwaka 2023, ilionyesha jambo hilo waziwazi: kati ya 17 waliothibitishwa, 12 walifariki, kati ya 23 wa kudhaniwa, wote 23 walifariki. Asilimia 100 ya namna hii inaeleza kwamba mlipuko ulichelewa kugunduliwa. Hilo ni jambo zito, la kufanyiwa kazi, ila ni jambo tofauti na kusema kila anayeambukizwa atakufa. Mtu wa Kagera aliyeamini tafsiri ya pili angeweza kumficha mgonjwa wake, kwani angempeleka hospitali kwa faida gani?

Sasa umri. Hili nitalikalia, kwa sababu katika korona lilikuwa na uzito kuliko karibu yote mengine, na chati nyingi hazilitaji kabisa. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba kijana wa miaka 25 akiambukizwa, uwezekano wa kufa ulikuwa kama 1 kati ya 10,000. Mzee wa miaka 75, karibu 1 kati ya 20. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta waliotimiza miaka 65 na zaidi ni kama asilimia 4 ya watu. Italia ni kama asilimia 23. Virusi vile vile, vikiingia nchi hizi mbili kwa kasi ile ile, vingeua kwa viwango vinavyotofautiana mno hata kama hospitali zao zingekuwa sawa.

Umri unaweza hata kugeuza jibu juu chini. Chukua mfano wa kubuni. Nchi ya kwanza ina wagonjwa 1,000: vijana 900 na wazee 100. Vijana 9 wanakufa, yaani 1 kati ya 100, na wazee 20. Jumla vifo 29, asilimia 2.9. Nchi ya pili nayo ina wagonjwa 1,000, ila vijana ni 500 na wazee 500. Vijana 4 wanakufa, na wazee 90. Jumla vifo 94, asilimia 9.4. Ukitazama jumla, nchi ya pili inaua wagonjwa wake mara tatu zaidi. Ukitazama rika kwa rika, nchi ya pili imewatibu vijana vizuri zaidi, kwa kuwa imepoteza 8 kati ya 1,000 badala ya 10, na wazee vizuri zaidi pia, 18 kati ya 100 badala ya 20. Imeshinda kila mahali, na bado jedwali linaiweka chini.

Usidhani hayo ni ya ubaoni tu. Mwanzoni mwa Machi 2020 wagonjwa wa Italia walikuwa wakifa kwa zaidi ya asilimia 4, wakati China katikati ya Februari ilikuwa imeripoti asilimia 2.3. Magazeti yaliuliza Italia imekosea wapi. Watafiti walipozipanga takwimu hizo hizo kwa rika, wakakuta katika kila rika kiwango cha Italia kilikuwa chini ya cha China. Wagonjwa wa Italia walikuwa wazee zaidi, basi.

Kwa upande mwingine wa bahari yetu, Qatar ilikuwa mwaka 2020 miongoni mwa nchi zenye maambukizi mengi zaidi kwa idadi ya watu wake, na vifo vichache mno kwa wagonjwa wake. Nchi hiyo imejaa wafanyakazi wahamiaji, wanaume wenye umri wa kufanya kazi, wakiwemo wengi kutoka Kenya na Uganda, ambao huchujwa kiafya kabla ya kuajiriwa na ambao wazazi wao wamebaki nyumbani. Wazee wa wafanyakazi wa Doha wako Kakamega na Mbale. Ukiilinganisha Qatar na Italia bila kulijua hilo, utaandika tenzi za sifa kwa sera ambazo huenda zilisaidia kidogo tu. Tafuta basi chati iliyorekebishwa kwa umri. Na kama haipo, linganisha rika moja na rika hilo hilo, au nchi zenye watu wa umri unaokaribiana.

Hapo naona swali linakuja: kama wagonjwa hawaaminiki na vifo vina vigezo tofauti, tushike nini? Shika vifo vya ziada. Unachukua watu wote waliokufa katika kipindi fulani, kwa sababu yoyote, na kutoa idadi ambayo ingetarajiwa kwa kutazama miaka ya nyuma. Hapa hutahitaji kubishana kama marehemu alipimwa. Utawapata pia waliokufa kwa sababu wodi zilijaa, au mama aliyeogopa kwenda kujifungulia hospitali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria, Mei 2022, kwamba dunia ilipata vifo vya ziada milioni 14.9 katika 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa kama milioni 5.4. Afrika Kusini, yenye usajili mzuri wa vifo, iliripoti vifo vya korona zaidi ya 100,000, na vifo vya ziada vikawa takriban mara tatu ya hapo. New Zealand ilipata vifo vichache kuliko kawaida mwaka 2020, kwa kuwa kufunga mipaka kulizuia na mafua ya kila mwaka.

Kipimo hiki kina sharti moja, na sharti hilo ndilo linalotuumiza. Lazima nchi iwe inaandika vifo vyake. Shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika ni kifo 1 tu kati ya 10 kinachosajiliwa. Kwa hiyo, ukiona kadirio la vifo vya ziada vya Tanzania, Burundi au Kongo, jua kwamba halikuhesabiwa. Limetokana na kanuni iliyojengwa kwa data za nchi nyingine. Si uongo, ila mipaka yake ni mipana, na ni wajibu wa anayekuonyesha kadirio hilo akuonyeshe na mipaka yake, ya chini na ya juu. India ilikuwa na vifo rasmi kama 481,000 hadi mwisho wa 2021. Kadirio la Shirika lilikuwa milioni 4.7, na serikali ya India ikaipinga njia hiyo hadharani. Ukizitumia takwimu za India, taja zote mbili.

Mahali ambapo rejista haipo, watu wenye bidii wametafuta njia nyingine. Huko Aden, Yemeni, watafiti walihesabu makaburi mapya kwa picha za setilaiti. Huko Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, waliwapima marehemu 364 katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu. Virusi vilikutwa kwa 58, karibu mtu 1 kati ya 6, na kwa kigezo kilichopanuliwa, 70. Kati ya hao 70, ni 6 tu waliokuwa wamepimwa wakiwa hai. Wengi walifia majumbani. Wakati huo dunia ilikuwa ikiuliza kwa mshangao kwa nini Afrika imeepuka. Nikisoma utafiti ule, nawafikiria ndugu wa wale wasiopimwa, ambao hawakujua wamemzika mtu wao kwa ugonjwa gani, wala kwamba wao wenyewe walipaswa kujikinga.

Kwa hiyo Kenya, yenye vifo rasmi takriban 5,700, ina vifo kama 12 kwa kila watu 100,000, na Peru zaidi ya mara 50 ya hapo. Je, Kenya iliumia kidogo kuliko Peru? Naamini ndiyo, kwa sababu ya umri wa watu wake tu. Je, iliumia kidogo mara 50? Hapana, na mtu asikubali kuitetea hesabu hiyo. Jibu la haki ni la maneno ya kiasi: kidogo zaidi, kwa kadiri isiyojulikana vizuri, na hilo linatosha.

Kuhusu kipindi, nitasema machache. Mwishoni mwa 2020 Uswidi ilikuwa na vifo vya korona karibu mara kumi ya Norwe kwa idadi ya watu, na ikawa somo la kila mjadala. Ukichukua vifo vya ziada vya 2020 hadi 2022 kwa jumla, Uswidi imo kati ya nchi zenye viwango vya chini Ulaya. Anayetaka kuishutumu huchagua mwaka wa kwanza, anayetaka kuisifu huchagua miaka mitatu. Wewe uliza kipindi kilichaguliwaje, na nani alichagua.

Mlipuko ukija, basi, na chati ikakufikia, tazama kwanza tarehe ya mwisho ya kila nchi, siyo tarehe ya chati. Kama huipati, usiisambaze. Ukiandika, andika "vifo vilivyoripotiwa", na usiweke nukta za desimali kwenye namba usiyoiamini hata mamia yake. Shangazi akituma kwenye kundi orodha ya nchi zilizofeli, usimvunjie heshima mbele ya watoto. Mpigie, mweleze kuhusu wale wazee wa Ubelgiji, ataelewa. Ukitaka kuamua kama usafiri, au kama bibi akae ndani, achana na orodha za dunia. Linganisha wilaya yako na yenyewe ya wiki tatu zilizopita: wanaolazwa wanaongezeka au wanapungua, misiba mtaani imezidi kawaida au la? Kipimo kile kile, mahali pale pale, hata kikiwa na kasoro, kinakuonyesha mwelekeo kuliko vipimo viwili vya nchi mbili. Na nchi ikitangaza jambo baya mapema, iogope kidogo kuliko ile iliyo kimya. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti aina mpya ya kirusi cha korona, iliyokuja kuitwa Omicron, na ndani ya siku chache Ulaya na Marekani zikafunga safari kutoka kusini mwa Afrika. Uholanzi baadaye ikakuta aina hiyo hiyo katika sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla ya tangazo hilo.

Jambo la mwisho liko mikononi mwa familia yako. Kifo kikitokea nyumbani, kisajilini. Kenya, taarifa huanzia kwa naibu chifu, anayetoa kibali cha mazishi; Tanzania Bara ni kazi ya RITA kupitia wilaya; Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Msiishie kwenye kibali cha kuzika, wala msisubiri mpaka benki au mirathi iwalazimishe. Fuatilieni hadi cheti cha kifo kitoke, na mtakapoulizwa sababu, elezeni dalili alizokuwa nazo marehemu na siku zilipoanza, hata kama hakuwahi kupimwa.